Kabla ya Risasi za Malakisi: Kwa Nini Watu wa Masaba Waliuchukia Utawala wa Waingereza

Ukisimama Tororo asubuhi isiyo na ukungu, ukageuza uso kaskazini-mashariki, utauona mlima ambao ramani za wakoloni ziliuita Elgon. Wenyeji wauita Masaba. Chini ya mlima huo, upande wa Kenya, kuna mji mdogo wa Malakisi. Tarehe 10 Februari 1948, polisi wa serikali ya Kiingereza waliufyatulia risasi umati wa watu hapo, wakaua 11.

Wanafunzi wangu hunieleza bila kusita jinsi walowezi wa Marekani walivyotupa chai baharini kule Boston mwaka wa 1773 kwa kuchukizwa na kodi ambayo hawakushirikishwa kuipanga. Nikiwauliza kuhusu Malakisi, darasa zima hunyamaza. Siwalaumu. Hata hivyo, kuna tofauti moja ningependa uizingatie. Wale wa Boston walikuwa watoto wa Uingereza waliodai haki za Mwingereza. Watu wa Masaba hawakuwahi kuahidiwa haki yoyote.

Katika Kiswahili tunatofautisha hasira na kinyongo. Hasira huwaka na kuzimika. Kinyongo hukaa moyoni miaka na mikaka. Kilichofika Malakisi kilikuwa kinyongo, nacho kilianza mwaka wa 1895. Mwaka huo, C. W. Hobley aliongoza jeshi la Wasudani na Waganda dhidi ya Wabukusu, waliokuwa wamekataa kutii amri za serikali mpya na kusalimisha bunduki. Wabukusu walijikinga ndani ya ngome ya Chetambe, juu ya kilima karibu na Webuye ya leo. Ngome ilivunjwa na waliokuwamo wakauawa kwa wingi. Waliosalia waliwasimulia watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu.

Kisha ukaja mpaka. Eneo hili lote lilikuwa sehemu ya Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902, ambapo Waingereza walilihamishia upande wa pili, katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa. Mtu aliweza kulala Uganda na kuamka Kenya bila kutoka kitandani.

Utawala wenyewe haukuja kwa sura ya Mzungu. Upande wa Bukedi, uliojumuisha Tororo, aliyetangulia ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda. Mawakala wake walikusanya kodi na kuwalazimisha watu kutengeneza barabara, na shughuli za utawala ziliendeshwa kwa Kiganda. Upande wa Kenya, Waingereza waliwategemea Wawanga. Nabongo Mumia alipandishwa cheo mwaka wa 1909, na nduguye Murunga akapewa kuwatawala Wabukusu wa Kimilili. Hebu fikiria: umeshindwa vitani na mtu mmoja, kisha unatawaliwa na jirani yako kwa niaba ya mshindi! Nadhani aibu hiyo iliuma kuliko kodi.

Kodi nayo haikuwa ndogo. Ilitozwa kwa kila nyumba, hivyo mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu, na kijana aliweza kudaiwa kodi ya nyumba ya mamake mjane. Ililipwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Upande wa Uganda watu walishurutishwa kulima pamba. Upande wa Kenya wengi walikwenda kufanya kazi Trans Nzoia, katika mashamba ya walowezi wa Kizungu. Uchungu wa jambo hili ni kwamba Wabukusu waliihesabu ardhi hiyo kuwa malisho ya babu zao. Mtu alilima kwa ujira mdogo pale ambapo babu yake alilisha ng'ombe wake mwenyewe, huku kipande kikining'inia shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Neno kipande, kama ujuavyo, maana yake ni sehemu iliyokatwa kutoka kitu kizima.

Vita vya pili vya dunia vilizidisha mzigo. Vijana walichukuliwa jeshini, na wengine wakalazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Ndipo akajitokeza Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuichezea Kenya kandanda dhidi ya Uganda na baadaye kuwa tarishi wa baraza la mahakama. Alikuwa muumini wa kanisa la Marafiki, akatengwa kwa kuoa mke wa pili. Katika miaka ya 1940 alianzisha Dini ya Msambwa, yaani dini ya mizimu ya wahenga, akawataka Wazungu waondoke. Serikali ilimkamata, na mwaka wa 1945 ikamfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Kwa watawala, Mwafrika aliyesema ardhi ni yake alikuwa mwendawazimu!

Alipoachiliwa mwaka wa 1947, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwaombea waliouawa mwaka wa 1895. Miaka 52 ilikuwa imepita. Miezi michache baadaye ikafuata Malakisi. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu.

Upande wa Tororo haukutulia. Serikali ya Uganda ilipoanzisha kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, machifu ndio waliosema nani ana mali kiasi gani. Maskini alidai amekadiriwa juu, huku rafiki wa chifu akikadiriwa chini. Machifu hao waliteuliwa na serikali, hivyo raia hakuwa na njia ya kuwaondoa. Mnamo Januari 1960 ghasia zilienea Bukedi na Bugisu. Nyumba za machifu zilishambuliwa, na watu kadhaa wakauawa na polisi. Uhuru wa Uganda ulikuwa umebakiza chini ya miaka mitatu.

Masinde alirudi nyumbani mapema katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1968, serikali ya Kenya huru iliipiga dini yake marufuku kwa mara nyingine.