Nchi Moja, Mahame Mengi

Anayepita Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, akihesabu mahame huweza kudhani amefika kwa watu wasiopenda kwao. Tembe la jadi halikujengwa ili wajukuu walirithi. Zilisimikwa nguzo, zikalazwa fito na nyasi, kisha udongo ukashindiliwa juu mpaka paa likawa bapa, la kuanikia mtama na uwele, kimo chake kikizidi kidogo tu kichwa cha mtu. Ng'ombe walilala ndani ya ua uleule. Shamba likichoka au ndugu wakikorofishana, kaya ilihama, na baada ya masika machache pakabaki tuta la udongo na majani yanayostawi penye samadi. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyechapisha utafiti wake juu ya ng'ombe na ukoo wa Kigogo mwaka 1969, aliona jinsi kaya zilivyohamahama. Lakini watu haohao ndio waliong'ang'ania uwanda wa kati vizazi kwa vizazi, mahali ambapo wageni wengi walipaona pa kupita tu. Mimi sioni mgongano hapo. Utamu wa kuishi kwenu maisha yote, Ugogo, haukuwa katika nyumba wala kiwanja. Ulikuwa katika nchi.

Nchi hiyo ilikuwa na jina na mipaka: ikungugo, eneo la tambiko la mvua chini ya mtemi mwenye mawe ya mvua. Ni mvua iliyowafunga watu pamoja, kwa kuwa ndiyo isiyotabirika. Kwa mwaka hunyesha kama milimita 500 hadi 600, msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, tena kwa kubagua: upande huu wa kilima unalowa, ule unabaki vumbi. Kwa hiyo busara ilikuwa kutoweka kila kitu mahali pamoja. Ng'ombe kadhaa walikaa kwa shemeji wa mbali ili ukame au maradhi yasiwafagie wote, mashamba yakagawanywa, na mwenyeji alijua ni korongo lipi ukichimba mchanga wake mwezi wa tisa bado utapata maji. Elimu ya namna hii hukusanywa kwa miaka mingi, na ukihama nchi inakuwa bure. Anayezungumzia mapenzi ya kwao kama hisia tupu anasahau hesabu hii: aliyebaki alikuwa na mtaji usiouzika kwingine.

Misafara ya karne ya 19 ililijua hilo kwa mfuko wake. Kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima kuvuka nyika ya Marenga Mkali, na ukitoka huko una kiu, na kisima kina mwenyewe. Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 walinung'unika sana juu ya hongo ya watemi. Ukisimama upande wa kisima, hongo hiyo inaonekana kama kodi ya kawaida kabisa. Kongwa, kati ya 1947 na 1951, somo lilikuwa ghali zaidi. Mpango wa Uingereza wa kulima karanga ulilenga zaidi ya ekari milioni tatu, ukaleta matrekta ya masalio ya vita, ukakuta udongo wa mfinyanzi unaokauka kama saruji na karanga zimefungiwa ndani yake. Ulimeza pauni zipatazo milioni 36 kabla ya kuachwa.

Atakayepinga atasema kubaki ni jina zuri la kukosa pa kwenda, na atataja njaa ya Mtunya. Hoja hiyo ina uzito. Katika njaa hiyo ya 1917 hadi 1920 inakadiriwa walikufa watu 30,000 kati ya 150,000, na waliosalia wengi walitawanyika. Lakini tazama kilichotangulia: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, ndipo ukame ukaja. Ukame walishauzoea. Safari hii walikuwa wamenyang'anywa vile vitu ambavyo kwavyo ukame huvukwa. Mpinzani mwingine atamtaja mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, ambaye zeze na ilimba zake zilivuma duniani baada ya yeye kuondoka kwao, akafia Bagamoyo mwaka 2003. Huyo nampa: muziki ulibebeka. Mvua haikubebeka.

Kosa la kuyasoma mahame vibaya halikuwa la wageni peke yao. Operesheni Dodoma ya 1971, Mwalimu Nyerere mwenyewe akifyatua matofali Chamwino, iliwakusanya watu vijijini kana kwamba walikuwa hawajawahi kutulia. Shule na zahanati zilisogea, hilo halibishaniwi. Kilichopotea ni nafasi ya kusogea: kaya mamia zikabanana kwenye ardhi ileile, na mashamba ya karibu yakachoka bila pa kuhamia.

Sasa dunia imeacha kupita, imehamia. TANU iliamua mwaka 1973 kuleta makao makuu Dodoma, Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mkoa uliokuwa na watu 2,083,588 katika sensa ya 2012 ulikuwa na 3,085,625 mwaka 2022. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, jirani na Ihumwa, alikozaliwa mwaka 1917 Mathias Mnyampala, mshairi aliyetoa mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mwenyeji wa huko leo akipimiwa ardhi hupewa hati. Ina namba ya kitalu, namba ya kiwanja na ukubwa kwa mita za mraba. Ng'ombe walio kwa shemeji hawamo, wala korongo la mwezi wa tisa.