Gobore la Mwenyeji, Bunduki ya Mgeni

Msimu uliopita wa mavuno nilikuwa Babati kuwakagua wanafunzi waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo. Jioni moja mwenyeji wangu alinipeleka Mwada, kaskazini mwa mji, kumwamkia baba yake, mzee wa Kimbugwe. Tembo watokao Tarangire walikuwa wamekwisha kula nusu ya mahindi yake. Ukutani mwa sebule yake palikuwa na misumari miwili mitupu. Hapo lilitundikwa gobore la babu yake, hadi alipolisalimisha kituoni wakati serikali ilipotangaza msamaha kwa warejeshao silaha kwa hiari.

Mzee hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: “Mwalimu, mgeni akija kuwinda hupita barabara hii na bunduki zake garini, na ni halali. Mimi niliyezaliwa hapa, halali yangu ilipotelea wapi?”

Nilimwahidi jibu, nalo linaanzia mbali na Mwada: Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, tarehe 2 Julai 1890. Siku hiyo mataifa mengi, Zanzibar ya Sultani ikiwamo, yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Vilipiga marufuku kuingiza bunduki, hasa zile za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu, katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini mwa Ikweta. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kubuni, kwani misafara ya watumwa na pembe ilitembea kwa nguvu ya bunduki.

Hata hivyo, tuitazame milango iliyoachwa wazi. Silaha za kisasa ziliruhusiwa kwa majeshi ya watawala, kwa watu waliotoa dhamana kwamba hawatazigawa kwa wengine, na kwa wasafiri waliobeba hati ya serikali zao ikieleza kwamba silaha ni ya kujilinda wenyewe. Katika biashara ya kawaida zingeweza kuruhusiwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti hafifu. Basi gobore la Mwada tusilione kuwa alama ya ushamba. Ni mpaka uliochorwa na sheria kati ya mwenyeji na mgeni, na mpaka huo umeishi kuliko waliouchora.

Watawala wa Kijerumani waliuendeleza. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji zilizodai leseni na kutenga hifadhi za kwanza za wanyama katika nchi yetu. Katika himaya ya Waingereza jirani, mwanzoni mwa karne ya 20, leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa pauni 50, na ya mlowezi pauni 10. Theodore Roosevelt, aliyetoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909. Katika safari ile yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wengi wao wakipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Hakuna aliyewaita majangili. Jina hilo liliwekwa akiba kwa mwenyeji aliyetega swala kwa ajili ya kitoweo bila karatasi mkononi.

Uhuru haukuifuta karatasi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1951 iliendelea kutumika hadi Bunge letu lilipotunga nyingine mwaka 1974. Serikali ilisimamisha uwindaji wa kitalii mwaka 1973, kisha ukarejea mwaka 1978 chini ya TAWICO, shirika la umma. Kenya iliufunga mwaka 1977 na haijaufungua tena.

Leo tunaongozwa na sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 na sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 2015. Hakuna mtu, raia wala mgeni, anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila leseni. Mgeni hanunui bunduki Arusha kama anunuavyo kinyago. Kwa kawaida huja na yake kwa kibali cha muda na kuondoka nayo, au hukodi kwa kampuni inayompokea. Marekani nako, pamoja na sifa yake ya wingi wa bunduki, sheria humkataza mgeni mwenye viza ya matembezi kumiliki silaha. Lakini akipata leseni halali ya uwindaji iliyotolewa huko, katazo hilo humwondokea. Hati ya msafiri ya mwaka 1890 ina wajukuu wengi.

Sidai kwamba kila mkulima apewe bunduki. Hesabu za serikali zilionyesha tembo 109,051 nchini mwaka 2009, na 43,330 tu mwaka 2014. Nchi iliyopoteza kiasi hicho ina haki ya kuuliza nani ana silaha. Lakini ina wajibu pia wa kuuliza kwa haki. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilianza kwa kuwasaka majangili, ikaishia kuwatesa raia wasio na hatia, hata mawaziri wanne wakaondolewa madarakani Desemba ya mwaka huohuo.

Kisheria, basi, halali ya mzee haikupotea: anaweza kuomba leseni kama raia mwingine yeyote. Tofauti iko katika njia ya kuifikia. Mgeni ana kampuni inayomjazia fomu, kumlipia ada na kumweleza masharti kwa lugha yake. Sheria ya mwaka 2015 ilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu, na huo ulikuwa uamuzi mkubwa. Lakini Bunge haliwezi kubandika tangazo katika ofisi ya kijiji. Kazi hiyo ni ya mtumishi wa umma: ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema nani anaruhusiwa, aanzie wapi, alipe nini, na akikataliwa akate rufaa kwa nani. Ukurasa huohuo useme pia mtu afanye nini usiku tembo wanapoingia shambani, na kifuta jasho akiombe wapi.

Nilirudi Mwada kabla ya kuondoka, nikamsimulia mzee haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza fomu inapatikana wapi, na imeandikwa kwa lugha gani. Swali la kwanza nililijibu. La pili nalifikisha kwenu mlio maofisini.