Nakala Iliyovuka Raskazone

Raskazone ni rasi inayoukinga mji wa Tanga upande wa mashariki, na chombo chochote kinachotoka bandarini kuelekea bahari kuu hakina budi kupita mbele yake. Historia iliyoandikwa kuhusu rasi hiyo imetawaliwa na vita vya Novemba 1914, wakati jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, liliposhuka hapo, likashindwa na kikosi cha Wajerumani na askari wao waliokuwa wachache mno kulinganishwa nalo, kisha likapanda tena melini tarehe 5 huku likiacha ufukweni bunduki, bombomu na masanduku ya risasi. Habari hizo zimesimuliwa vya kutosha. Ambacho hakijasimuliwa sana ni shehena iliyopita mbele ya rasi hiyo bila kishindo, kabla ya vita na baada yake, nayo ni mimea iliyokaushwa, iliyopewa namba na kupelekwa ng'ambo, wakati mimea pacha wake ikibaki milimani. Shehena hiyo ni sehemu ya historia ya kile ambacho watu wa kompyuta leo hukiita nakala rudufu, yaani nakala inayowekwa kando ili ya kwanza ikiharibika, habari isipotee.

Neno nakala lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake humaanisha kuhamisha kitu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Katika mapokeo ya vitabu vya Kiislamu, ambayo wanazuoni wa pwani walilelewa ndani yake, kazi ya kunakili haikukamilika kalamu ilipowekwa chini. Ilifuatiwa na mukabala, yaani kuisoma nakala mpya sambamba na ile iliyonakiliwa ili makosa ya mwandishi yabainike kabla kitabu hakijatoka mikononi mwake. Tanga yenyewe inadaiwa na desturi hiyo ya mkono. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliotungwa na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy kuhusu vita vya pwani vilivyozuka mwaka 1888, uliishi katika miswada ya hati za Kiarabu kwa muda uliozidi nusu karne, hadi J. W. T. Allen alipouchapisha katika miaka ya 1950. Kazi ambayo haikupata mnakili katika kipindi hicho haina hata jina la kutajwa hapa.

Wataalamu wa mimea waliokuja na utawala wa Kijerumani walikuwa na desturi yao ya nakala, nayo ilikuwa na masharti makali zaidi. Mwaka 1902 ilianzishwa Taasisi ya Kibiolojia na Kilimo huko Amani, katika Usambara Mashariki, na baadaye ikaunganishwa na pwani kwa reli ndogo iliyotoka Sigi hadi Tengeni, ambako ilikutana na reli ya Usambara iendayo Tanga. Mkusanyaji mimea hakuchuma tawi moja. Alikata matawi kadhaa ya mmea uleule, kwa wakati uleule, akayabana kati ya karatasi hadi yakauke, akayapa namba moja, na kila tawi likaandikiwa kibandiko chenye maneno yaleyale kuhusu mahali, tarehe na mwinuko. Hapo ndipo inapoonekana tofauti na kazi ya mnakili wa kitabu, kwa sababu matawi hayo hayakuwa nakala ya mengine. Yalikuwa ndugu waliozaliwa siku moja, na hakuna aliyeweza kurithi makosa ya mwenziwe isipokuwa pale mwandishi wa vibandiko alipopitiwa. Wabebaji, wapanda miti na waonyesha njia wa Kisambaa na Kibondei, ambao bila wao mengi ya matawi hayo yasingefikiwa, mara nyingi hawakuandikwa kwenye vibandiko, na pengo hilo halizibiki kwa nakala yoyote.

Tawi moja lilibaki Amani katika hebaria, yaani ghala ambamo mimea mikavu hubandikwa kwenye karatasi ngumu na kupangwa kwa jamaa zake. Mengine yalikwenda Ulaya, na kwa kawaida lililokuwa bora lilikwenda Berlin-Dahlem, kwenye bustani ya mimea iliyoongozwa na Adolf Engler tangu 1889 hadi 1921. Huko ndiko mimea mingi ya Usambara ilikopewa majina ya kitaalamu, na tawi lililotumiwa katika kutoa jina likawa kielelezo asilia, maana yake ni kwamba ubishi wowote kuhusu jina hilo utaamuliwa kwa kulitazama tawi hilo na si maelezo ya kitabuni. Kwa hiyo Berlin ilishika asili, na Amani, mahali mmea ulikoota, ikashika kilichoitwa ziada. Mpangilio huo ulikuwa wa kikoloni waziwazi, lakini ulikuwa na faida moja ambayo huenda wenyewe hawakuikusudia: asili na ziada hazikulala chini ya paa moja.

Mmea mmoja ulivuka bahari kwa njia nyingine. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa na kituo chake Tanga, alikusanya ua dogo la zambarau na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Ua hilo huchipua kutokana na jani moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, na mche unaotoka hapo hufanana kabisa na mama yake, kwa hiyo lilienea madirishani mwa Ulaya na Marekani kama nakala ya nakala. Hata hivyo haifai kulihesabu kuwa nakala rudufu ya ua la Usambara. Wauza maua walichagua rangi na maumbo waliyoyataka, wakayachanganya, na wakayaacha mengine. Mamilioni ya vyungu hayawezi kurudisha kundi moja la maua ya mwituni likikatiwa miti inayolipa kivuli. Wingi wa nakala ni jambo moja na uaminifu wake ni jambo jingine.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliangukia Berlin, na hebaria ya Dahlem, iliyokuwa na sampuli zipatazo milioni 4, iliteketea kwa sehemu kubwa. Vielelezo asilia vingi vya mimea ya Afrika ya Mashariki viligeuka majivu, na kwa usiku huo vyeo vikabadilishana: tawi lililokuwa likiitwa ziada, liwe Amani, London au kwingineko, likawa shahidi pekee aliyebaki. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki ya kitropiki, kilichoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1952 na kukamilika 2012, kimehifadhi kumbukumbu ya moto huo kwa njia ya mkato sana, kwani pembeni mwa herufi B, inayosimama badala ya Berlin, huwekwa alama ndogo ya msalaba kuonyesha kwamba sampuli hiyo iliangamia, kisha hufuata herufi za mahali ndugu zake walipo. Msomaji anayezipitia kurasa zake kwa utulivu hukutana na msalaba huo tena na tena, kama anayepita makaburini.

Hebaria ya Amani yenyewe ilinusurika Waingereza walipoitwaa taasisi hiyo mwaka 1916, lakini haikubaki mahali pake. Mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi na kuwa kiini cha Hebaria ya Afrika ya Mashariki, ambayo leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na majengo ya Amani yakaingia katika utafiti wa malaria. Ni vigumu kulilaumu jambo hilo kwa upande wa usalama wa sampuli. Kwa mtafiti wa Tanga, hata hivyo, kunakili kulirudi kwenye maana yake ya kwanza, ile ya kuhamisha.

Karne ilipogeuka, kazi ileile ilipata vyombo vipya. Mwaka 2000 Mmarekani D. Richard Hipp alikuwa akiandika programu ya manowari, ya kuwasaidia mabaharia kudhibiti madhara chombo kinapopigwa, na ilimkera kwamba programu hiyo ilishindwa kufanya kazi kila seva ya hifadhidata ilipozimika, ingawa yenyewe haikuwa na kosa. Seva ni mashine au programu inayokaa kando na kuwahudumia wengine data. Hipp akaiondoa kabisa, akatengeneza SQLite, ambayo ni hifadhidata iliyopachikwa, yaani inayoishi ndani ya programu inayoitumia na kuweka majedwali yake yote katika faili moja. Simu za Android zimekuwa nayo tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 2008.

Faili moja hushawishi watu kudhani kwamba kuinakili ni jambo jepesi. Lakini hifadhidata ikiwa katikati ya kuandika, sehemu ya habari huwa bado iko kwenye faili ya pembeni ya kumbukumbu za muda, na anayenakili faili kuu peke yake wakati huo huweza kupata kitu kilicho nusu ya jana na nusu ya leo. Ni kosa ambalo mkusanyaji wa Amani aliliepuka kwa kukata matawi yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tangu 2009 SQLite ina njia yake yenyewe ya kutoa nakala iliyo ya wakati mmoja hata kama programu inaendelea kutumika, na kazi ya kuiita njia hiyo huachiwa skripti ya sheli. Sheli, neno ambalo kwa wengi huleta kwanza picha ya kituo cha mafuta, hapa ni programu inayopokea amri zilizoandikwa na kuzitekeleza. Ile ya Stephen Bourne, ambayo skripti nyingi bado zinafuata lugha yake, ilitoka mwaka 1979. Skripti ni faili ya amri zilizopangwa kwa zamu: itoe nakala, iipe jina lenye tarehe kama kibandiko, iikague, iipeleke kwenye mashine nyingine, ndipo ifute zilizochakaa. Zamu hiyo ina uzito. Skripti inayofuta za zamani kabla ya kuikagua mpya inaweza kumwacha mwenyewe mikono mitupu, na ukaguzi wenyewe, ambao ni mukabala kwa jina jingine, ndiyo hatua inayorukwa zaidi kwa kuwa siku nyingi haionyeshi kasoro yoyote.

Wengi wanaotumia utaratibu huu hawajui kwamba wanao. WhatsApp kwenye simu za Android huweka mazungumzo katika hifadhidata ya SQLite, na kila siku saa nane usiku huandika nakala yake, ikibakiza za siku chache zilizopita, kwa kawaida 7. Nakala hizo hukaa ndani ya simu ileile. Simu inayoteleza mfukoni mwa mwogaji pale Raskazone na kuzama huzama na siku zake zote saba, isipokuwa mwenyewe alikwisha kuruhusu nakala nyingine ipelekwe nje, kwenye ghala la mtandaoni lililo ng'ambo ya bahari.