Simba wa MGM: ngurumo ile ni ya nani?

Mtoto aliyezoea chumba cha video anamjua simba huyu kabla hajajua jina la filamu. Lakini hakuwa simba mmoja, wala hakuunguruma tangu mwanzo.

Mwaka wa 1916, Howard Dietz, mtu wa matangazo, aliitengenezea kampuni ya Goldwyn nembo ya simba. Aliitoa kwa simba wa chuo kikuu alichosomea, Columbia, huko New York. Mwaka wa 1924 Goldwyn ikaungana na Metro na Mayer, na simba akaenda nao. Huyo wa kwanza wa MGM, Slats, alizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dublin. Aligeuza kichwa tu, maana filamu zilikuwa bubu.

Mwaka wa 1928 akaja Jackie, na ngurumo yake ikapigwa kwa gramafoni humo ukumbini. Leo, tuliyemzoea zaidi, alianza mwaka wa 1957.

Sasa sauti. Mwaka wa 1982 fundi Mark Mangini aliitengeneza upya kwa kutumia milio ya chui milia, mnyama wa Asia asiyekuwepo katika mapori yetu. Aliona simba hatoi ukali wa namna ile. Sinema inaruhusiwa. Sisi wa redio tukibandika mlio wa bunduki wa mahali pengine kwenye habari, kuna mama atakayefunga mizigo na kubeba watoto usiku huohuo.

Tangu mwaka wa 2021 hata mwili wa simba unachorwa na kompyuta, kwa kufuata sura ya Leo.