Uganga, Uchawi na Mpiganaji: Dawa ya Vita katika Bara ya Mombasa

Neno "dawa" hubeba mambo mengi katika Kiswahili: kile kinachomponya mgonjwa, kile kinachoua wadudu, na kile anachopewa mpiganaji kabla hajakwenda vitani. Makala haya yanakusudia kuchunguza maana hii ya tatu kama ilivyoeleweka na jamii za Mijikenda zinazopakana na bara ya Mombasa, yaani Wadigo upande wa Likoni, Warabai na Waduruma nyuma ya Changamwe, na Wagiriama pamoja na jirani zao kaskazini ya Kisauni. Hoja yake ni kwamba mpiganaji wa jamii hizo hakuwa na msimamo mmoja juu ya nguvu za siri. Aliitafuta nguvu aliyopewa mbele ya watu kwa idhini ya wazee, lakini aliiogopa na kuichukia ile iliyotumiwa na mtu binafsi kwa kificho. Tofauti hiyo imehifadhiwa katika lugha.

Mzizi wa neno "uganga" ni kitenzi "kuganga", chenye maana ya kutibu, kufunga kilichovunjika, na kurekebisha kilichoharibika. Ndiyo maana methali husema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," bila ya kumtaja mganga wala mizizi yoyote. Kinyume chake ni "kuroga", ambacho ni kitendo cha mchawi. Mijikenda nao hutenga "uganga" na "utsai". Neno hili la pili lina nasaba moja na "uchawi" la Kiswahili, kwani "ts" ya lugha hizo hulingana mara nyingi na "ch" ya Kiswahili, kama katika "mutsanga" na "mchanga". Kwa hiyo, yafaa ikumbukwe kwamba mpaka baina ya maneno hayo mawili haukubuniwa na wataalamu. Wenyeji wa pwani waliuweka tangu zamani.

Mahali pa uganga wa vita palikuwa ni kaya. Kaya ilikuwa kijiji chenye ngome ndani ya msitu, na katikati yake lilizikwa fingo, kago la kuilinda jamii nzima. Katika karne ya kumi na tisa watu wengi walitoka kayani wakaenea mashambani, lakini makaburi, fingo na mamlaka ya wazee vilibaki huko. Dawa ya vita, basi, haikuwa mali ya mpiganaji. Ilikuwa amana aliyokabidhiwa pamoja na miiko yake. Uislamu ulipoenea miongoni mwa Wadigo haukuifuta fikra hii ya kinga. Hirizi na kombe, yaani maandishi ya aya yanayooshwa na kunywewa, vilikaa kando ya dawa za kienyeji, na lugha ikampa mganga wa kitabu jina lake.

Mfano ulio wazi ni wa Wagiriama. Mnamo 1913 serikali ya Waingereza ilikuwa ikitaka kodi na vijana wa kufanya kazi. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu Kaya Fungo, wakala viapo vya kukataa, wanawake chao na wanaume chao. Viongozi hao wawili walikamatwa na kupelekwa Kisii, lakini mwaka 1914 walitoroka wakarudi kwao. Mwezi Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Viapo hivyo viliwahusu watu wengi waliokutana mahali pao pa heshima, na nguvu yake ya kwanza ilikuwa kuwafunga watu pamoja, kwani aliyekula kiapo hakuweza tena kwenda kazini kwa mzungu bila ya kuwaogopa wenziwe na kiapo chenyewe.

Hali kama hiyo ilikuwa imeonekana kusini ya Tanganyika katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hayakuzuia risasi za Wajerumani, na maelfu kwa maelfu walikufa. Hata hivyo maji hayo yaliwaunganisha watu wa lugha nyingi ambao hapo awali hawakuwa na amri moja. Ebrahim Hussein aliliona suala hili alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969.

Mambo yalikuwa vingine Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi 6 na raia kadhaa. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na wapatao 100,000 walihama makwao, wengi wao wakiwa ni watu waliotoka bara ya mbali. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilielezwa jinsi vijana walivyolishwa viapo msituni na kupewa kinga ya risasi, na jinsi siasa ilivyohusika. Umbo la kiapo lilikuwa la kale, lakini kililishwa kwa siri, nje ya baraza la jamii, na shabaha yake ilikuwa ni jirani. Kwa kipimo cha Mijikenda wenyewe, kitendo hicho kilikuwa karibu zaidi na utsai kuliko uganga.

Hasara ya lugha ilifuata. Kaya Bombo, jina la msitu mtukufu wa Wadigo, likawa jina la machafuko. Hata kutambuliwa kwa misitu ya kaya na UNESCO kama urithi wa dunia mwaka 2008 hakukuliondolea jina hilo doa.

Kosa la kuchanganya maneno lina historia. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilitungwa kwa lugha ya kigeni iliyomtazama mganga na mchawi kwa jicho moja. Kamusi na vitabu vya historia vinavyofuata mkondo huo huendeleza kosa hilo, nalo si dogo. Katika miaka ya karibuni wazee wa Kilifi na Kwale wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mvi peke yake imetosha kuwa ushahidi. Kazi ya mwanaisimu haiwezi kuwarudisha waliokufa. Inaweza, hata hivyo, kuyarudishia maneno mipaka yake, ili anayeganga asihukumiwe kwa jina la anayeroga, na ili "kaya", neno ambalo Kiswahili sanifu hulitumia kuhesabu watu wa nyumba moja, likumbukwe kwa maana yake ya asili, ambayo ni nyumbani.