Ohinga
Ohinga (wingi: ohingni) ni neno la Kijaluo lenye maana ya ngome au boma lililozungushiwa ukuta wa mawe. Katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, neno hili hutaja kuta za kale zilizojengwa bila udongo wala chokaa: mawe yalipangwa safu ya nje na ya ndani, kisha mawe madogo yakajazwa katikati ili kuzishikamanisha. Mfano mkubwa ni Thimlich Ohinga, Migori, ngome ya yapata karne ya 16. Thimlich humaanisha msitu mnene wa kutisha. UNESCO iliiorodhesha ngome hiyo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kiswahili kina neno husuni, lenye asili ya Kiarabu, kwa maana iyo hiyo ya ngome.