Basra na Swali la Mtenda Dhambi

Basra ilianza katika miaka ya 630 kama kambi ya jeshi kusini mwa Iraki. Haikupita karne moja kabla kambi hiyo haijawa mji wa masoko, mitende na bandari, wenye msikiti mkuu ambamo walimu walikaa na wanafunzi wao wamewazunguka. Katika darasa hizo ndimo Waislamu walimojifunza kubishana kwa utaratibu juu ya jambo zito: mja hutenda kwa hiari yake au kwa alivyoandikiwa, na akitenda uovu alaumiwe nani.

Ubishi huo haukuzuliwa na watu waliokosa kazi. Mwaka 656 Khalifa Uthman aliuawa, na mwaka ule ule masahaba wa Mtume wakapigana wao kwa wao karibu na Basra, katika Vita vya Ngamia. Swali likaingia majumbani: Muislamu aliyemwaga damu ya Muislamu mwenzake ahesabiwe nani? Jibu liligusa ndoa, mirathi, hata sala ya jeneza. Makhawariji walisema mwenye dhambi kubwa ametoka katika Uislamu, na wakali wao wakaihalalisha damu yake. Murjia walisema ni muumini bado, mambo yake aachiwe Mungu.

Watawala wa Bani Umayya, walioshika ukhalifa mwaka 661, walinufaika na jibu la tatu. Ikiwa kila linalotokea limekadiriwa, basi hata dhuluma ya mtawala ni kadari, na anayeilalamikia anagombana na Muumba. Maabad al-Juhani, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa wa kwanza kulizungumza suala la kadari mjini Basra, aliyakataa mawazo ya namna hiyo, akauawa karibu na mwaka 700. Ghaylan wa Damasko naye aliuawa katika enzi ya Khalifa Hisham. Ni vigumu kuamini kuwa watu hawa walipoteza roho zao kwa ajili ya nukta ya elimu peke yake. Aliyesema kwamba mja anawajibika kwa matendo yake alikuwa akisema pia kwamba khalifa anawajibika kwa yake.

Mwalimu mkubwa wa mji wakati huo alikuwa Hasan al-Basri, aliyefariki mwaka 728. Inasimuliwa kwamba siku moja aliulizwa darasani juu ya mwenye dhambi kubwa, na kabla hajajibu, mwanafunzi wake Wasil bin Ata akadakia kuwa mtu huyo si muumini wala si kafiri. Ni fasiki, yuko katika daraja baina ya daraja mbili. Kisha Wasil akainuka, akaenda kukaa penye nguzo nyingine. Hasan akasema amejitenga nasi, na kutokana na neno hilo la Kiarabu la kujitenga likatoka jina la Muutazila. Huenda kisa kimepambwa, kwani majina ya madhehebu hupenda kutafutiwa visa. Wasil mwenyewe hakuhitaji kupambwa. Ulimi wake haukuweza kuitamka herufi ra, naye akawa bingwa wa kuikwepa hata katika hotuba ndefu. Ngano, ambayo Waarabu huiita burr, yeye aliiita qamh, na wasikilizaji hawakushtukia kitu.

Jibu jingine lilitoka katika mji huo huo, nalo likafika mbali kusini. Jabir bin Zayd, mzaliwa wa Oman aliyesomesha Basra, ndiye ambaye Maibadhi, wafuasi wa jibu hilo, wanamhesabu kuwa imamu wao wa mwanzo. Kwao mtenda dhambi kubwa ana ukafiri, lakini ni ukafiri wa neema: amekosa shukurani kwa aliyemneemesha, ila hakutoka katika umma, na ndoa na mirathi yake vinabaki pale pale. Mswahili anayemwambia mwenzake asikufuru neema anaigusa maana hiyo hiyo bila kujua safari yake.

Muutazila waliujenga msimamo wao juu ya uadilifu wa Mungu. Mungu hadhulumu, kwa hiyo hawezi kumwadhibu mja kwa kitendo ambacho mja hakukifanya mwenyewe. Wakaongeza kwamba akili inaweza kujua kuwa dhuluma ni mbaya hata kabla wahyi haujashuka. Ila waliohubiri hiari hawakuwaachia wengine hiari. Mwaka 833 Khalifa al-Maamun aliamuru makadhi na wanazuoni wahojiwe mmoja mmoja mpaka wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa, kama Muutazila walivyofundisha. Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akapigwa mijeledi. Mtihani huo ulikomeshwa na al-Mutawakkil yapata miaka 15 baada ya kuanza, na Muutazila hawakuirudia heshima yao mbele ya watu wa kawaida.

Pigo la hoja lilitoka ndani ya nyumba yao. Abu al-Hasan al-Ashari alikuwa mwanafunzi wa al-Jubbai, mkuu wa Muutazila wa Basra. Alimwuliza mwalimu wake habari za ndugu watatu: mmoja alikufa akiwa mchamungu, wa pili akiwa kafiri, wa tatu akiwa mtoto. Mwalimu akajibu kuwa wa kwanza ana pepo, wa pili ana moto, na mtoto amesalimika tu. Je, mtoto akilalamika kwamba hakupewa umri wa kuchuma mema? Ataambiwa kwamba Mungu alijua angekua mwovu, akamfisha kwa maslahi yake. Basi kafiri naye atapiga kelele kutoka motoni: kwa nini mimi sikufishwa utotoni? Wasimulizi wanasema punda wa sheikh alikwama mlimani, yaani mwalimu alikosa jibu. Wasimulizi hao, ikumbukwe, ni wa upande ulioshinda.

Karibu na mwaka 912 al-Ashari aliwatangazia watu kwamba ameiacha njia ile. Hakukubali hata hivyo kwamba mja ni unyoya katika upepo. Mkono unaotetemeka kwa homa, alisema, si sawa na mkono unaoinuliwa kwa kutaka, na kila mtu anaihisi tofauti hiyo mwilini mwake. Kitendo huumbwa na Mungu, mja hukichuma, na kwa kuchuma huko ndiko anakohesabiwa. Msomaji wa tafsiri za Qur'ani kwa Kiswahili amezoea kukuta watu wakilipwa kwa waliyoyachuma. Wapinzani waliicheka nadharia hiyo kwa wembamba wake, na kweli ni vigumu kueleza chumo hilo ni kitu gani hasa, ikiwa uwezo wenyewe nao umeumbwa.

Al-Ghazali, mfuasi wa njia ya al-Ashari aliyefariki mwaka 1111, alilishughulikia dai la akili na maadili. Muutazila walisema mtu huona uongo ni mbaya hata usipomdhuru. Al-Ghazali akajibu kuwa hayo ni mazoea ya nafsi, kama aliyeumwa na nyoka anavyoikimbia kamba yenye madoa. Waswahili wana mfano huo huo, isipokuwa kwao kinachomshtua aliyeumwa ni ung'ong'o.

Njia ya al-Ashari ilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na madhehebu ya Shafii, na watoto wa madrasa wakahifadhi sifa ishirini za Mungu. Uibadhi ulikuja na watawala wa Oman, na Zanzibar ya karne ya 19 ikawa na makadhi wa pande zote mbili. Mabishano hayakwisha. Ahmad bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942 na kuwa Mufti wa Oman mwaka 1975, alitoa mwishoni mwa miaka ya 1980 kitabu kinachotetea mambo matatu ya itikadi ya Kiibadhi: kwamba Mungu haonekani kwa macho, kwamba Qur'ani imeumbwa, na kwamba mwenye dhambi kubwa akifa bila kutubu hatatoka motoni.